Uhamisho Si Adhabu

Mzazi ampelekapo mtoto shuleni hutoa amana. Kwa saa nyingi za kila siku, na kwa miezi mizima ikiwa mtoto analala bwenini, humkabidhi mikononi mwa watu ambao yeye mzazi hakuwachagua, na ambao mara nyingi hawajui hata kwa majina: mwalimu, matroni, mpishi, mlinzi wa usiku, dereva wa basi la shule. Haombi hati wala dhamana. Huwaamini kwa kuwa taifa limewaamini, na kwa kuwa tangu zamani jina la mwalimu katika nchi hii limekuwa jina la heshima, ambalo wazee wenyewe huliinukia.

Walio wengi mno kati ya watumishi hao hawajaisaliti amana hiyo, nasi twalisema jambo hili mwanzoni ili lisipotee katikati ya maneno mazito yatakayofuata. Mwalimu anayefundisha darasa lililojaa pomoni, anayesahihisha madaftari hadi usiku, anayemnunulia mtoto yatima kalamu kwa mshahara wake mwenyewe, huyo ni mjenzi wa taifa. Hatuandiki dhidi yake. Twaandika dhidi ya mtu aliyejificha nyuma ya mgongo wake: yule mtu mzima aliyeajiriwa shuleni, ambaye huitumia chaki, au funguo za bweni, au sahani ya chakula, kuwanasa watoto. Na zaidi ya hapo, twaandika dhidi ya desturi yetu sisi sote tulio nje ya shule, ya kumfungulia mtu huyo mlango wa nyuma ili atoroke. Desturi hiyo imepewa jina la adabu. Huitwa uhamisho.

Isidhaniwe kwamba twasema juu ya uvumi wa sokoni. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili dhidi ya watoto, Bara na Visiwani, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Vijana waliohojiwa waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walisema walitendewa ukatili wa kingono. Watenda maovu hayo hawakuwa watumishi wa shule peke yao. Walikuwamo majirani, ndugu na watu wasiojulikana. Lakini mengine yalitendeka ndani ya uzio wa shule, na mengine njiani, mtoto akienda au akirudi. Na lililo zito kuliko yote ni hili: karibu nusu ya wasichana hao, na zaidi ya nusu ya wavulana, hawakumwambia mtu yeyote.

Kwa nini mtoto anyamaze? Hilo ndilo swali la kwanza.

MTEGO

Mtu wa namna hii haanzi kwa nguvu. Huanza kwa wema. Humteua mtoto mmoja miongoni mwa wengi, na mara nyingi humteua yule asiye na mtetezi: aliyefiwa, anayekaa kwa shangazi, anayetembea kilomita nyingi kila asubuhi, aliyepangishiwa chumba mtaani kwa kuwa shule haina hosteli. Humtuma kupeleka madaftari nyumbani kwake. Kesho humtuma maji. Keshokutwa humwambia afagie ua, kisha humpa fedha kidogo za daftari au za nauli, na kumwonya asimwambie mtu, maana wengine wataona wivu. Wengine huita masomo ya ziada ya jioni, ya mwanafunzi mmoja. Siku hizi hata nyumba haihitajiki, kwani simu ya mkononi humfikia mtoto usiku, akiwa chini ya shuka lake mwenyewe.

Siku mtego unapofyatuka, mtoto hujiona tayari ana deni. Alipokea fedha. Alificha siri. Aliingia mwenyewe katika nyumba ile. Na aliyemtenda ndiye anayeshika alama zake, na fimbo yake, na ruhusa yake ya kwenda nyumbani. Atamshitaki kwa nani? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi mtoto huyu hana hata uwezo wa kuivua nguo hiyo, maana ndiyo sare yake ya shule.

Wala wazazi wa watoto wa kiume wasijione wako salama. Mvulana ana sababu ya kunyamaza mara mbili: hofu ile ile ya dada yake, na juu yake hofu ya kuchekwa na wenziwe. Ukimya wake haupasi kuchukuliwa kuwa ni dalili ya amani.

MKEKA WA SULUHU

Hata hivyo siri hutoka. Mama huona mabadiliko, au rafiki husema, au mimba huonekana. Hapo ndipo watu wazima wangepaswa kusimama kama ukuta. Badala yake, mara nyingi mno, mkeka hutandikwa.

Huitwa wazee. Huitwa mtendaji. Huja na ndugu za mtuhumiwa, na wakati mwingine, twalisema kwa uchungu, huja na kiongozi wa tawi au mjumbe wa shina, aliyechaguliwa na watu hao hao ili awalinde. Husemwa kwamba kijana amekosea, shetani alimpitia; kwamba kesi itamharibia mtoto jina; kwamba polisi ni gharama na mahakama ni mbali. Hutajwa ng'ombe, au fedha taslimu. Hutajwa hata ndoa. Baba, ambaye pengine hajapata kushika fungu kubwa la fedha kama lile kwa mara moja, hutia dole gumba. Kisha mwenye mamlaka juu ya mtuhumiwa huandika barua, nayo haisemi neno lolote juu ya mtoto. Yasema tu kwamba mtumishi huyu anahamishiwa shule nyingine.

Hebu tuipime hesabu ya siku hiyo. Mtoto amebaki na jeraha lake, na kila siku hupita mbele ya watu wanaojua. Baba amepata fedha zitakazokwisha kabla ya msimu wa mvua. Shule imelinda jina. Na mtuhumiwa je? Amepata nauli ya serikali na kituo kipya ambako hakuna amjuaye. Zaidi ya yote amepata somo, nalo amelifahamu vizuri kuliko masomo yote anayofundisha: kwamba mtoto wa mkulima ana bei, na bei hiyo yalipika. Kule aendako atawakuta wazazi wengine, nao wataliinukia jina la mwalimu.

Mfugaji akigundua fisi katika zizi lake hamfukuzi kwa kumwelekeza kwenye zizi la jirani, halafu akalala usingizi akijisifu kuwa amemaliza kazi. Sisi twalifanya jambo hilo kwa watoto wa watu, na kwa muhuri wa ofisi.

HUKUMU YA JIRANI

Jirani zetu wa Kenya walilipima jambo hili mahakamani, na yafaa tujifunze kutoka kwao. Wasichana wawili wa shule ya msingi, walionajisiwa na naibu mwalimu mkuu wao, hawakutosheka na kuona mtu huyo akiondolewa kazini. Waliifikisha mbele ya Mahakama Kuu Tume ya Kuajiri Walimu pamoja na Serikali yenyewe. Mwezi wa Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu. Tume ilijitetea kwamba ilikwisha kumchukulia mwalimu hatua za nidhamu, na kwamba ilikwisha kutoa waraka wa kuwalinda wanafunzi. Jaji hakuukubali utetezi huo. Aliikemea desturi ya kuwazungusha watu wa namna hii kutoka shule moja hadi nyingine, na mwisho kutosheka kwa kuwafukuza tu. Mwalimu, tume na Serikali wakaamriwa kuwalipa fidia wasichana hao, mmoja shilingi 2,000,000 na mwenziwe shilingi 3,000,000 za Kenya. Tume ilikata rufaa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha hukumu.

Maana ya hukumu hiyo ni nyepesi kueleweka. Mwajiri aliyempa mtu darasa, na mamlaka juu ya watoto, hawezi kunawa mikono kwa kusema kwamba uovu ni wa mtu binafsi. Karatasi iliyobandikwa ukutani haimlindi mtoto ikiwa hakuna anayeitekeleza. Waraka wenyewe wa Kenya, Namba 3 wa mwaka 2010, ulikuwa mkali: mwalimu anayejua au kushuku jambo kama hili atoe taarifa ndani ya saa 24, na anayeficha naye achukuliwe hatua. Tena sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2006 yamtaja kwa kazi yake mwalimu mkuu, mwalimu, na mwajiriwa yeyote wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi, na yampangia kifungo kisichopungua miaka 10, hata pale ambapo kosa halikufikia kunajisi. Na majina ya walimu waliofutwa katika rejista huchapishwa hadharani, ili shule nyingine isiwapokee kwa kutojua.

SHERIA TUNAYO

Tusidhani kwamba sisi hatuna sheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilimwekea mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30, na kifungo cha maisha ikiwa msichana hajafikia miaka 10. Kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 18, neno "alikubali" si utetezi. Mtu mwenye mamlaka anayeitumia nafasi yake ya kazi kutenda kosa hilo ametajwa waziwazi. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, nayo inakataza kumwoa mwanafunzi. Hata anayesaidia kupanga ndoa hiyo ana kosa. Basi ile ndoa inayotajwa mkekani kama suluhu ni kosa la pili lililowekwa juu ya la kwanza.

Kwa wanafunzi wa vyuo waliokwisha kuvuka miaka 18, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono. Mkufunzi anayeuza alama kwa mwili wa mwanafunzi ni mla rushwa kama mla rushwa mwingine.

Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikumwachia mtu nafasi ya kusema "hayanihusu". Kila mwanajamii mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuipasha habari serikali ya mtaa au kijiji chake. Ni wajibu wa sheria, wala si hisani.

Wako watu wanaosema kwamba kesi hizi hazishindiki kwa kuwa hakuna shahidi aliyeona. Hilo si kweli. Katika makosa ya namna hii Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiwa imeridhika kwamba anasema kweli. Mara nyingi kinachoiua kesi ni mkeka ule. Shahidi huchelewa, huhamishwa kwa ndugu wa mbali, baba husema hataki tena, na hakimu hubaki na jalada tupu. Ndiyo sababu siku za kwanza ni za thamani kubwa. Mtoto apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai baada ya muda huo. Nguo zisifuliwe. Polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, watoe fomu ya PF3 ili daktari aandike alichokiona. Na asiyejua pa kuanzia apige simu namba 116, ambayo ni ya watoto na haitozwi malipo.

VIPI ASIYE NA HATIA?

Twajua neno litakalosemwa na baadhi ya walimu, nalo ni neno la haki: kwamba wako wanaosingiziwa. Mwalimu mkali aweza kuchukiwa. Ugomvi wa kijiji waweza kupita katika kinywa cha mtoto. Basi na tuulize: uhamisho unamsaidia nini mwalimu aliyesingiziwa? Ataondoka usiku na masanduku yake, na minong'ono itamtangulia kule aendako. Hakupata nafasi ya kujibu, wala hakuna aliyetamka kwamba yu safi. Kumbe uhamisho haumwadhibu mwenye hatia, wala haumsafishi asiye nayo. Uchunguzi wa haraka, unaofanywa na watu wasio na undugu wala deni kwa upande wowote, huku mtuhumiwa akiwa nje ya shule hadi ukweli upatikane, ndio unaowafaa wote wawili. Mwalimu mwema hana cha kuogopa katika nuru.

Neno la pili ni lile la aibu: kwamba tukiyasema haya tunamfedhehesha msichana. Kwa miaka mingi tuliiweka aibu mahali pasipo pake. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na aliyempa mimba, kama ni mtumishi wa shule, alihamishwa. Mwenye kosa akaendelea na mshahara, na aliyekosewa akapoteza elimu. Haki ilisimama kichwa chini miguu juu. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, waruhusiwe kurudi. Tangazo hilo liligeuza nusu ya jambo. Nusu iliyobaki ni kumwondolea mtenda uovu kile kivuli anachojificha.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwalimu mkuu, wewe ndiwe mlango. Usimruhusu mwanafunzi kutumwa nyumbani kwa mtumishi yeyote, kwa maji wala kwa madaftari. Masomo ya ziada yafanyike darasani, milango ikiwa wazi, wanafunzi wakiwa wengi. Bweni la wasichana lisiwe na ufunguo katika mfuko wa mwanamume. Na habari ikikufikia, usiwe hakimu; ipeleke polisi na kwa mwajiri siku hiyo hiyo.

Ndugu zetu wa vyama vya wafanyakazi, kazi yenu ni kuhakikisha kwamba mwanachama anasikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Kazi hiyo ni njema, wala hatutaki muiache. Lakini kumtetea mfanyakazi ni jambo moja, na kumnunulia ukimya ni jambo jingine. Mtoto huyo ni wa mfanyakazi pia. Ni wa kuli wa bandarini, wa mchuma chai, wa dereva wa lori aliye safarini usiku huu.

Kamati za shule na bodi, ulizeni. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inashughulikia walimu wa utumishi wa umma. Sheria ya mwaka 2018 iliagiza iwepo bodi ya kitaalamu na rejista ya walimu wote, wa shule za umma na za binafsi. Ni vyema. Lakini mlinzi, mpishi, matroni na dereva, ambao wanashinda na watoto na wengine kulala karibu nao, wako katika rejista gani? Mtu aliyefukuzwa jikoni katika shule ya wilaya moja anazuiwa na nini kuomba kazi ya bweni katika wilaya ya pili? Twashauri Serikali iyatazame mapengo haya mawili pamoja: kila mtu anayefanya kazi penye watoto ajulikane alikotoka, na kila barua ya uhamisho iseme kweli juu ya mashitaka yasiyokwisha.

Nanyi wanachama, hasa mliopewa dhamana katika mashina na matawi: msikae kwenye mkeka ule. Kiongozi anayepatanisha kosa la jinai hajaleta amani, ameuza haki isiyo yake. Akiitwa, jibu lake liwe moja tu: twende polisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tumeutazama kwa miaka mingi mno.

Mwisho twasema na wazazi. Msimfundishe mtoto utii peke yake. Mwambieni kwamba hakuna mtu mzima, awe na cheo gani, mwenye haki ya kumtaka afiche siri juu ya mwili wake, na kwamba siku atakaposema hatapigwa wala hatalaumiwa. Na mtumishi mgeni akija shuleni kwenu, mpokeeni kwa ukarimu wa desturi yetu, kisha katika kikao cha wazazi ulizeni bila haya: anatoka shule gani, na aliondoka huko kwa sababu gani? Mtumishi mwema hataudhika, na ofisi iliyomleta ina wajibu wa kulijibu swali hilo.